Dahham Aliyemaliza Dele

Mtu akikwambia amempita Dahham barabarani, usimsifu. Kila mtu amempita Dahham. Mimi nimempita, Wasiria wamempita, Waturuki wamempita, na siku moja nje ya Mafraq alipitwa na trekta la kuvuta maji, naye akampungia mkono mwenye trekta. Miaka thelathini na moja anaendesha lori lilelile la Kijerumani la buluu kati ya Akaba na Baghdadi, mwendo wa kilomita sitini kwa saa, madirisha wazi, sandali amezivua kaziweka mbele ya kioo. Na wallahi hakuna mzigo wake uliowahi kuchelewa. Sisi wenye haraka ndio mnaotukuta kando ya lami tumefunua boneti, tunawatukana mafundi na wazazi wao.

Mimi ni Hazzaa, Baba Ghalia. Nimeendesha nyuma ya huyu bwana miaka ishirini na miwili, na kama nina presha leo, daktari asihangaike kutafuta sababu. Lakini niseme haki: chakula chake nimekila. Ubavuni mwa lori ana kabati la bati, ndani yake jiko la gesi, kikaango, nyanya, vitunguu saumu na pilipili. Anasimama, anatandika mkeka kwenye kivuli cha tela, anakaanga nyanya mpaka zinakuwa rojo, na yeyote anayepita anaitwa aje na mkate wake. Kuongea, haongei. Maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu kwa vidole na ukabakiwa na vidole vya kushikia usukani.

Serikali za huku kwetu zilipokubaliana barabara za nchi zote jirani ziungane ziwe kitu kimoja, tukawekewa vibao vyenye herufi M na namba. Tukakaa mkekani tunabishana M ni ya nini. Mmoja akasema mashimo. Mimi nikasema mateso. Dahham alikuwa anageuza nyanya.

"Majirani," akasema, akaendelea kugeuza.

Basi vita vikaingia upande wa Iraki, mpaka ukafungwa, na ujirani wote ukaishia kwenye waya. Sisi tukatawanyika: huyu akauza falafeli, yule akaenda kulinda ghala. Dahham aliliegesha lori uani kwake Mafraq, na kila asubuhi, baada ya sala, akaliwasha dakika kumi. Kila asubuhi, kwa miaka! Kuku wa mke wake walihamia kabini wakataga kitini. Aliwatoa, akawasha, akazima, akawarudisha. Watu walimcheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, sikatai.

Miaka hiyohiyo alifika kwake mziba pancha wa Rutba, Mizhir, na mke na watoto wamebeba magodoro. Kila dereva wa njia ile anamjua Mizhir. Rutba iko katikati ya jangwa la Iraki, na matairi yetu yote yana viraka vyake. Dahham akawapa vyumba viwili vya uani, wakakaa miaka miwili. Humo Shibli, mwana wa Dahham, fundi umeme wa magari, akawa anaona taa za ua zina hitilafu kila jioni. Taa zilikuwa nzima. Hitilafu ilikuwa Shamma, binti wa Mizhir, aliyekuwa akipita kuanua nguo. Rutba ilipotulia wakarudi kwao, na Shibli akaacha kula. Mama yake, Wadha, mwanamke mwenye akili ya kutosha watu watatu, akasema huyu hana homa, huyu kaachwa.

Mpaka ulipofunguliwa tena malori yakapita moja kwa moja, Wadha akaanza kuongea kwa simu na mama Shamma. Binti anataka. Mama anataka. Mizhir anataka mpaka basi. Ila kuna Hajji Jadaan, kaka mkubwa wa Mizhir, na kwa watu wale kaka mkubwa akisema hapana, baba hana la kuongeza. Naye alishasema: binti yetu havuki mpaka. Dada yao, Khazna, aliolewa Zarqa upande wetu zamani, njia ikiwa wazi. Ikafungwa. Mama yao akafa Rutba, akazikwa, na Khazna hakuja. Jadaan alikula yamini pale kaburini kwamba hatampa tena mtu wa ng'ambo msichana wa nyumba yake.

Sasa huyo ndiye tuliyetakiwa kwenda kumwomba.

Tulikuwa na mshenga wa maana, Shekhe Nawwaf, mzee mwenye sauti na ndevu, akisema jambo hata mbuzi wanakubali. Tuliondoka kabla ya jua kuchomoza, malori manne, kanzu zimepigwa pasi zimening'inizwa nyuma ya viti. Tukafika mpakani. Afisa akafungua pasipoti ya Shekhe, akaifunga.

"Mzee, hii imekwisha muda tangu Ramadhani."

"Ramadhani hii?"

"Iliyopita."

Shekhe akarudi Mafraq kwa teksi na ndevu zake zote. Tukabaki madereva wanne na Shibli, rangi imemtoka usoni. Nani atasema? Wakanitazama. Mimi? Ulimi wangu unajua kutukana malori tu! Dahham akavaa sandali zake, akasema, "Nitasema mimi." Baba wa bwana harusi kujisemea mwenyewe si desturi, lakini na mshenga mwenye pasipoti iliyooza si desturi pia.

Nikampigia simu Wadha. Akapiga ukelele nikasogeza simu mbali na sikio.

"Mpe! Mpe simu huyo mume wangu! Dahham, unanisikia? Watakuletea kahawa. Usinywe! Kikombe cha mshenga hakinywewi. Unakiweka chini mbele yako, unasema haja yako, na mpaka wakuambie 'kunywa kahawa yako' ndiyo ujue wamekubali. Ukinywa kabla ya hapo, umesema huna haja, umemwua mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wewe unakunywa kahawa kama injini inavyokunywa dizeli! Hazzaa, mfunge uzi."

Nikachomoa uzi mwekundu kwenye blanketi langu, nikamfunga kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Na kwa tahadhari zaidi, mjinga mimi, nikamkataza kahawa yote njiani. Pale kwenye vizuizi askari wanaomjua walimnyooshea vikombe kama kawaida yao, kwa maana Dahham hunywa bila kusimamisha injini, anapokea dirishani, anameza, anarudisha. Siku ile nikapiga honi nyuma yake kila alipotaka kupokea. Kwa hiyo alifika Rutba baada ya sala ya alasiri, hajaonja tone tangu alfajiri. Mtu wa vikombe thelathini kwa siku! Nilidhani nasaidia.

Jadaan alitupokea mlangoni, mrefu, masharubu meupe, hana tabasamu hata la kukopa. Akatazama malori yetu, yaliyokuwa yamebeba viti vya plastiki vya kupeleka Baghdadi.

"Mmekuja kuposa au kufungua hoteli?"

"Karibuni, karibuni ndugu zangu," Mizhir akasema haraka, anafuta mikono iliyokwisha kuwa safi.

Tukaketi barazani, migongo ukutani, mikeka na mito myekundu. Nyuma ya pazia nyayo za wanawake zikasogea, zikatulia. Mizhir mwenyewe, kwa heshima, akashika dele la shaba mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia, akamimina cha kwanza, akampa Dahham.

Na Dahham akanywa.

Ndiyo. Alipokea, akasema bismillahi, akatupa kinywani, na kile kidole chenye uzi mwekundu kimesimama hewani kila mtu anakiona. Alishika kikombe kama anavyokishika dirishani mwa lori. Kilipokuwa kimeshuka kooni ndipo macho yake yakaangukia uzi.

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na mto wangu. Shibli alitoa sauti kama tairi lililochomwa na msumari. Nyuma ya pazia mtu akasema "Yallah!" akazibwa mdomo.

Jadaan hakuchelewa.

"Alhamdulillahi, mgeni kanywa. Hana haja. Mizhir, waambie walete chakula, watu hawa wana safari."

"Kaka, labda cha pili…"

"Kikombe cha haja ni cha kwanza kwenye dele. Mimi nimeanza desturi leo? Cha kwanza kimenywewa."

Dahham alibaki amekishika kile kikombe kitupu, anakitazama. Nikamwona anafikiri, na kufikiri kwake ni kama kuendesha kwake. Kisha akasema, polepole, "Sawa, Hajji. Mimi ni mgeni tu. Mgeni anaongezwa." Akanyoosha kikombe.

Huku kwetu mgeni asipotikisa kikombe, hujamaliza naye. Atakitikisa mwenyewe akitosheka. Asipokitikisa, mwenye nyumba anamimina, awe anapenda au hapendi. Mizhir akamimina. Dahham akanywa, akanyoosha tena. Cha tatu. Hapo mtu mwenye adabu anatikisa. Sote wengine tulishatikisa. Dahham akanyoosha.

"Tikisa!" nikamnong'oneza. "Umetutia aibu, sasa unataka kututia na ulafi?"

"Tulia, Baba Ghalia."

Cha nne. Cha tano. Kahawa ya Rutba si mchezo. Ni nyeusi, chungu, unaonja iliki halafu huonji kitu kingine mpaka kesho. Cha saba. Nikaona Mizhir amemimina kikombe mpaka ukingoni, na damu ikanipanda, kwa sababu kumjazia mgeni kikombe pomoni ni kumwambia kunywa uondoke. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe yanayomstahili. Ndipo nikaona jicho lake. Mizhir alikuwa anamkonyeza Dahham! Akajaza na cha nane hivyohivyo, akainamisha dele chini kabisa, anasikiliza kilichobaki.

Hapo akili yangu ikafika, imechelewa lakini imefika. Kikombe cha haja ni cha kwanza kwenye dele. Na nyumba yenye wageni haikai na dele tupu, abadani. Dele hili likiisha, litapikwa jingine, na jingine lina kikombe chake cha kwanza.

"Mwongeze mgeni," nikasema kwa sauti. "Mbona unachelewa kumimina, Mizhir? Au kahawa mnaipima?"

Jadaan alinigeukia. Akaligeukia dele. Kwenye masharubu yale kitu kikacheza kidogo, kikaacha.

Kwenye cha kumi na mbili shida ikaingia. Mkono wa Dahham ulianza kutetemeka wenyewe. Mtu hajala tangu asubuhi, kahawa tupu tumboni, lazima mishipa icheze. Kikombe kikawa kinapepesuka kati ya vidole.

"Ametikisa!" Jadaan akasema. "Ametosheka!"

"Hajatikisa, kaka, anatetemeka," Mizhir akasema.

"Nimeona kwa macho yangu."

"Sijatikisa, Hajji," Dahham akasema, na akaukamata mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaubana kifuani kama mtu aliyekamata kuku. Jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Cha kumi na tatu. Cha kumi na nne. Shibli alikuwa anasoma dua, nilimsikia, na nadhani nyuma ya pazia kuna mwingine alikuwa anasoma. Cha kumi na sita kilitoka na machicha. Dahham akayatafuna. Mizhir akaligeuza dele juu chini juu ya kiganja chake, likatoa matone mawili.

"Limekwisha," akasema. Sauti yake ilikuwa ya furaha, akajitahidi kuifanya ya huzuni.

Sote tukamtazama Jadaan. Angeweza kusema chakula kiletwe, tule, twende zetu. Nikadhani anasema hivyo sasa hivi. Kisha akanyanyuka, magoti yakalia, akaenda mwenyewe kwenye mekoni pale pembeni.

"Lete buni," akamwambia mdogo wake. "Wasije wakasema Mafraq kwamba tuliishiwa."

Kahawa mpya haiharakishwi. Buni zikakaangwa, zikapoa, Jadaan akazitia kinuni akaanza kuzitwanga yeye, kwa mdundo ule wa kuwaita majirani. Na mtu akitwanga hutazami uso wake, naye hatazami wako, kwa hiyo anaongea. Akasema, dele hili ni la mama yetu. Akasema, Khazna alikuwa akilisugua kwa majivu mpaka unajiona ndani. Akasema, nilimpigia simu siku ya mazishi nikaiweka simu juu ya kaburi asikie watu wakisoma, kisha chaji ikaisha.

"Na sasa njia imefunguliwa," Dahham akasema.

"Imefunguliwa! Yeye ni mjane, magoti hayawezi, wanawe wako Ughaibuni. Nani amlete? Imefunguliwa, imefungwa, kwake ni mamoja."

"Anakaa Zarqa wapi?"

"Nyuma ya soko la mboga, mlango wa kijani. Unauliza ya nini?"

"Nauliza tu."

Dele jipya likaja. Mizhir akamimina cha kwanza, kidogo, kwa adabu. Dahham akakipokea kwa mikono miwili, na mikono yote miwili ikicheza, akakiweka chini juu ya mkeka. Kikamwagika nusu. Nusu ikabaki. Nikashusha pumzi niliyokuwa nayo tangu mpakani.

"Hajji Jadaan," akasema, "mimi si msemaji. Mwanangu Shibli anamtaka binti yenu Shamma. Haja yangu ndiyo hiyo."

"Na wakifunga tena?"

"Mimi lori langu nililiwasha kila siku miaka yote ile. Kuku walitaga ndani. Nililiwasha. Watu walinicheka, huyu hapa Baba Ghalia alinicheka. Njia ikiwa wazi, kila Alhamisi ya pili napita hapa na Shamma anakaa pembeni yangu, anashuka kwa mama yake. Wakifunga, nitamleta mpaka kwenye waya, na wewe utamleta mama yake mpaka kwenye waya, na sitawasha injini mpaka washibe kuonana. Nikifa, Shibli ataleta. Nimemaliza."

Miaka ishirini na miwili sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Nilijikuta nafuta macho kwa ncha ya kilemba, na sioni haya.

Jadaan alikitazama kile kikombe nusu. Alimtazama Shibli, akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa amelikumbatia dele kama mtoto mchanga.

"Kunywa kahawa yako, Baba Shibli."

Vigelegele vilipasua pazia. Shibli akaruka, akakanyaga mguu wangu wenye ukucha mbovu, nikamsamehe. Na Dahham? Sijaona mtu akiitazama neema ya Mungu kwa huzuni namna ile. Alikipandisha kile kikombe mdomoni, akafumba macho, akameza. Kukitikisa hakukuwa na haja, kilijitikisa chenyewe.

"Nikuongeze?" Jadaan akamuuliza, na hapo ndipo nilipojua yule mzee ana meno.

Harusi ilifanyika vuli ile, wali na mwanakondoo, sitaki kuanza kuisimulia. Nitasema Alhamisi ya kwanza baada yake. Tuliondoka Mafraq, lakini lori la buluu likakata kulia kuelekea Zarqa, upande usio wetu kabisa. Nikapiga honi, nikatukana, nikafuata. Shibli alikuwa kabini kwangu, analalamika kwamba baba yake kamnyang'anya mke. Dahham alisimama nyuma ya soko la mboga, mbele ya mlango wa kijani. Shamma akashuka, akaingia, akatoka amemshika mkono mama mnene aliyevaa baibui jipya na viatu vya sikukuu. Karatasi zake zote Dahham alishazifuatilia miezi miwili bila kumwambia mtu. Tulimpandisha kwa stuli, mimi nasukuma, Shamma anavuta.

"Taratibu, ami," Shamma akamwambia Dahham tulipoanza kwenda. "Shangazi anaogopa mwendo."

Wallahi nilicheka mpaka nikakosea gia.

Alasiri tukaingia Rutba kwa kilomita zetu sitini. Jadaan alikuwa amesimama mbele ya karakana ya pancha, kati ya matairi, dele mkononi, ameshaandaa na mzaha wake.

"Baba Shibli! Leo nakupa kimoja tu, dele nalificha!"

Mlango wa kabini ukafunguka. Kwanza akashuka Shamma. Kisha kikatokea kiatu cha sikukuu, kikawa kinatafuta ngazi.

Khazna alishuka, akanyoosha baibui, akamtazama kaka yake, kisha akatazama mkononi mwake.

"Dele la mama," akasema. "Nani kalisugua vibaya namna hii? Nimiminie."

Akamimina. Safari hii mkono uliotetemeka ulikuwa wa Jadaan, na hakuwa amekunywa hata tone. Kahawa ilimwagika juu ya matairi, kikombe kikajaa mpaka ukingoni, na hakuna aliyeona ubaya.

Dahham hakushuka mara moja. Alizima injini, akavaa sandali zake, akafungua kabati la bati ubavuni, akaanza kukata nyanya.